Kleist Sykes, askari wa Mdachi aliyeweka kalamu mbele

Mwaka 1917 askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walikuwa wakiwindana katika mapori ya kusini mwa nchi tunayoiita Tanzania leo. Robo karne baadaye mtu mzima mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa upande wa Mdachi, aliwaona wanawe wawili wakivaa sare ya Keya na kusafirishwa kwenda kupigana Burma. Mtu huyo ni Kleist Sykes. Wanawe ni Abdulwahid na Ally. Ukianza kuhesabu kwa babu yao, familia hii ilitoa askari vizazi vitatu mfululizo, na hakuna hata kizazi kimoja kilichopigana vita vyake chenyewe.

Babu alikuwa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka upande wa Inhambane, Msumbiji. Mwaka 1889 kamanda Mjerumani Hermann von Wissmann alikuwa akitafuta askari wa kuzima vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim. Aliwachukua Wasudani kutoka Misri, na kutoka Msumbiji akawachukua vijana waliojulikana kwa jina la Wazulu. Mbuwane alikuwa mmoja wao. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo, lakini kazi ya askari wa kukodiwa haikuishia hapo. Mdachi aliingia bara, akakutana na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na mwaka 1891 Wahehe wakamfundisha adabu pale Lugalo. Mbuwane alikwenda Uhehe katika vita vilivyofuata na hakurudi nyumbani. Alizama katika mto Ruaha wakati wa kurejea.

Hili lisemwe bila kuzunguka: Mbuwane alikuja kama bunduki ya kukodi. Watu wa Pangani na wa Uhehe hawakuwa na sababu ya kumwombea dua. Wajukuu wa askari wengi huruka ukurasa huu wanapomsimulia babu yao, wakaanzia pale anapoonekana shujaa. Familia ya Sykes haikuuruka, na ndiyo maana leo tunaweza kuisimulia safari yao tangu mwanzo wake.

Kleist alizaliwa mwaka 1894. Baba alipozama, mtoto bado alikuwa mdogo sana, akalelewa na Affande Plantan, mkuu wa askari wa Kizulu, pamoja na watoto wa nyumba hiyo. Mmoja wa watoto hao ni Schneider Abdillah Plantan, ambaye Kleist alikua naye kama ndugu wa tumbo moja. Majina yao yenyewe yanaonyesha walizaliwa chini ya bendera gani. Mwingine wa nyumba hiyo ni Ramadhan Mashado Plantan, ambaye baadaye alimiliki gazeti la Zuhra. Mayatima wa askari walikuwa wengi katika miji ya Mdachi, na kila mmoja alihitaji nyumba ya kumpokea. Kleist aliipata.

Alipata na shule. Serikali ya Kijerumani ilihitaji makarani, wakalimani na walimu wa bei nafuu, ikafungua shule za serikali kwa ajili hiyo. Humo Kleist alijifunza Kijerumani, hati mkato na kupiga taipu. Vijana wengi wa kambini walirithi bunduki za baba zao. Yeye alipata kitu cha pili mkononi, na mtu akifuatilia maisha yake yaliyobaki ataona ni kipi kilichomlisha.

Lakini kwanza vita vilimchukua. Agosti 1914 Kleist alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Jeshi la Mdachi, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lilianza likiwa na askari Waafrika wapatao 2,500, waliogawanywa katika kombania 14, na kombania nyingi bado zilikuwa na bunduki za Mauser za mtindo wa mwaka 1871. Bunduki hiyo ilikuwa na tabia moja mbaya. Ilitumia baruti nyeusi, kwa hiyo kila risasi ilitoa wingu zito la moshi. Askari akifyatua akiwa amejificha kichakani, moshi ulipanda juu ya kichaka na kumwonyesha adui mahali hasa pa kulenga. Ilimpasa afyatue, ahame, afyatue tena. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na kikosi kikubwa kutoka India, askari hawa waliwarudisha baharini, na sehemu ya ngawira ilikuwa bunduki mpya zisizotoa moshi. Baada ya Tanga ndipo kombania kadhaa zilipobadilisha silaha.

Vita hivyo viliendelea miaka minne. Dar es Salaam ilianguka mikononi mwa Waingereza Septemba 1916. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, yalikuwa miongoni mwa yale yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, nchi ile ile aliyotoka Mbuwane, na Novemba 25, 1918 akasalimu amri Abercorn, katika Zambia ya leo, siku ambayo Ulaya ilikuwa imekwisha kunyamaza wiki mbili. Kleist na Schneider walikuwa askari katika vita hivyo.

Katika simulizi za vita hivi wanasahaulika watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wapagazi. Askari walipigana, lakini waliobeba mchele, risasi na machela walikufa kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria. Wa pili ni wake za askari. Askari wa Mdachi hakwenda vitani peke yake. Mkewe alifuata nyuma ya kombania akiwa na chungu na mtoto mgongoni, akapika, akatafuta kuni, akajifungulia njiani. Vitabu vya majenerali huwataja wanawake hawa wanapolalamikia msafara mrefu, basi. Kwa askari mwenyewe, familia ilikuwa sehemu ya kambi, na wengi walioendelea kupigana hadi mwisho walifanya hivyo kwa kuwa kila walichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya msafara ule.

Vita vilipokwisha, askari wa upande ulioshindwa walikuwa wanadai mishahara. Wakati wa mwendo wa miaka ile walipewa ahadi kwenye karatasi, na serikali iliyotoa ahadi haikuwepo tena. Deni hilo lilikaa miaka mingi. Mwaka 1953 Lettow-Vorbeck, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, alirudi Dar es Salaam kwa meli, na askari wake wa zamani wakajitokeza kwa mamia kumlaki. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa waliobaki hai. Zaidi ya wazee 300 walijitokeza kudai, wachache wakiwa na vyeti, wengine na vipande vya sare, wengi hawana kitu. Inasimuliwa kwamba afisa aliyetumwa kulipa aliwapa ufagio, mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wakatii amri zote, ufagio begani, ufagio chini, bila kukosea. Wakalipwa.

Hadithi hiyo huchekesha watu. Ukiitazama vizuri ni ya kusikitisha: mtu aliyetumikia jeshi miaka minne anajithibitisha kwa ufagio kwa sababu hakuna aliyemwandika, wala yeye hakujiandika.

Kleist hakufika huko. Alifariki mwaka 1949, kabla ya malipo hayo. Ila hata angefika, asingehitaji ufagio. Huyu alikuwa mtu wa karatasi.

Baada ya vita alirudi Dar es Salaam iliyobadilika mwenye nyumba. Ofisi zile zile, vibao vya milango vipya. Waingereza nao walihitaji makarani, na mtu aliyejua kupiga taipu na kuweka hesabu alipata kazi, hata kama jana alikuwa adui. Kleist alifanya kazi serikalini na katika Reli ya Tanganyika. Baadaye aliingia biashara. Kazi ya ukarani haina mengi ya kusimulia: kuingia saa moja na nusu, kalamu, wino, safu za tarakimu, bosi Mzungu, mshahara usiolingana na wa Mhindi aliyeketi meza ya jirani. Lakini ofisini ndipo Mwafrika wa mjini alipojifunza jinsi serikali inavyozungumza. Serikali ya kikoloni haikusikia kelele, ilisoma barua. Aliyejua kuandika barua yenye tarehe, kumbukumbu ya barua iliyotangulia na saini ya katibu alikuwa na silaha ambayo Mauser haikumpa.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Mwafrika mmoja, Dr James Aggrey wa Gold Coast. Kleist alikutana naye Dar es Salaam, na kwa maelezo ya Kleist mwenyewe, Aggrey ndiye aliyemtia wazo la Waafrika kuwa na chama chao. Miaka mitano ilipita. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa, rais akiwa Mwalimu Cecil Matola, na katibu akiwa Kleist Sykes. Katika kundi la waasisi walikuwemo Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi na wengineo. Tazama orodha hiyo: Mkristo na Muislamu, mwalimu na karani, mtoto wa mji na mtoto wa askari aliyekuja na Mdachi. Watu waliokuwa na kila sababu ya kukaa mbalimbali.

Kuwa katibu si cheo cha kupigiwa makofi. Rais anahutubia, mhazini anashika fedha, katibu anabaki ukumbini wakati wenzake wamekwenda kunywa chai, anaandika nani alisema nini. Anakumbusha ada. Anajibu barua. Anatafuta mahali pa kikao kijacho. Chama kikifa, kwa kawaida kimefia mikononi mwa katibu mvivu. African Association haikufa. Wanachama walijenga jengo lao kwa kujitolea katika Mtaa wa New, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, na ndani ya jengo hilo, Julai 7, 1954, ilizaliwa TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru. Kleist alikuwa na mkono pia katika Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1933, ambayo Waislamu wa mjini waliitumia kuwajengea watoto wao shule iliyofundisha dini na masomo ya kizungu kwa pamoja. Yatima aliyeokolewa na shule hakusahau shule.

Watoto wake walimkuta akiwa katika kazi hizi. Abdulwahid alizaliwa Desemba 1924, Ally Oktoba 1926, na Abbas akafuata. Walikulia katika Mtaa wa Kipata, kwenye nyumba ambayo wageni hawakukauka: wanachama, wafanyabiashara, masheikh, watu wenye barua za kuandikiwa. Mtoto wa nyumba kama hiyo hujifunza siasa akileta maji ya kunywa. Anasikia neno, anaona baba anavyokaa, anajua nani anasubiriwa na nani anaogopwa. Hakuna mtaala wa namna hiyo katika shule yoyote.

Kisha historia ikajirudia kwa dhihaka. Abdulwahid alikuwa na matumaini ya kwenda Makerere, ila Vita vya Pili vilimpeleka jeshini. Mdogo wake Ally naye akaingia, na vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa hata miaka 19 hajatimiza. Baba aliyejua vita kwa harufu yake, aliyejua maana ya kudai mshahara kwa serikali isiyokuwepo, sasa aliketi Dar es Salaam akisubiri habari za watoto wake kutoka bara jingine. Na walikuwa chini ya bendera aliyopigana nayo yeye.

Burma, au Bama kama wazee wa Keya walivyoiita, haikuwa mzaha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw tangu Agosti 1944, katikati ya masika ya huko. Barabara iligeuka tope lililomeza magari hadi ekseli, ikabidi askari wakate miti na kulaza magogo ili gari lipite hatua chache, kisha waanze upya. Malaria na homa ya taifasi ya vichakani viliangusha watu pamoja na risasi za Wajapani. Desemba 2 walifika Kalewa, na daraja likatupwa juu ya mto Chindwin. Vijana waliotoka Songea, Machakos, Gulu na Zomba walipigana bega kwa bega huko, wakizungumza Kiswahili cha jeshi, na wengine wamezikwa huko mpaka leo.

Waliorudi hawakuwa wale waliokwenda. Walikuwa wamewaona Wahindi wakimdai Mwingereza uhuru wao wazi wazi, wamemwona Mzungu akiogopa, wamemwona akifa. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid katika kitabu kilichotoka mwaka 1998, anaeleza kwamba askari wa Tanganyika waliokuwa kambini India wakisubiri meli ya kurudi nyumbani, mwishoni mwa mwaka 1945, walizungumzia kukigeuza chama cha baba zao kiwe chama cha siasa. Vyovyote mazungumzo yalivyokwenda, matendo yanaonekana. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mwaka uliofuata Abdulwahid akawa katibu wa chama chao. Katibu! Mtoto alishika kalamu ile ile.

Kleist aliyaona hayo, akafariki mwaka 1949. Mwaka 1950 Abdulwahid akawa katibu wa TAA, yaani African Association ya baba yake kwa jina jipya la Tanganyika African Association, rais akiwa Dr Vedasto Kyaruzi. Aprili 1953 uchaguzi ulifanyika katika ukumbi wa Arnautoglu, na Julius Nyerere, mwalimu kijana aliyerudi kutoka Edinburgh, akamshinda Abdulwahid kwa kiti cha urais. Watu wengi wanaoshindwa uchaguzi huondoka na funguo za ofisi. Abdulwahid alibaki na kufanya kazi na aliyemshinda, na TANU ilipoanzishwa mwaka uliofuata, kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid. Abbas alikuja kuwa balozi wa nchi huru. Abdulwahid alifariki mwaka 1968, bado kijana. Ally aliishi hadi 2013.

Miaka 65 inatenganisha Mbuwane aliyeshuka na bunduki ya Wissmann mwaka 1889 na kadi hizo za 1954. Kati yao yupo mtu mmoja aliyekaa mezani akiandika.

Na aliandika kweli. Kleist aliacha kumbukumbu za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, alizitumia alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sura aliyoandika juu ya babu yake ikatokea mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Watafiti wengi waliokuja baadaye na kuandika juu ya Dar es Salaam ya miaka ya 1920 na 1930 wameipitia sura hiyo. Askari waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa maelfu. Walioacha maelezo yao wenyewe ya maisha yao unaweza kuwahesabu kwa vidole. Jemadari wao aliandika vitabu, na kwa miaka mingi dunia ilimsikiliza yeye peke yake.

Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, bunduki mbele, uso kuelekea bandarini. Ni sanamu ya heshima, lakini ni ya waliopigana upande wa Mwingereza. Kleist, karani wa miaka ile, aliishi katika mji ambao kumbukumbu yake rasmi ya vita haikumhusu. Sanamu ya Wissmann, aliyemleta baba yake, Waingereza waliiondoa, ikasafirishwa hadi Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Mawe na shaba vina bahati zao. Mtaa wa Kipata sasa unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes, na mjukuu aliyerithi jina lake, mtoto wa Abdulwahid, aliwahi kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam.

Wapo wanaosema kwamba familia ya Sykes inakumbukwa kwa kuwa ilikuwa na uwezo, na kuna ukweli ndani yake. Nyumba, kazi ya ofisini, watoto wasomi: hayo yote yalisaidia. Lakini makarani walikuwa wengi, na wenye nyumba Kariakoo na Gerezani walikuwa wengi pia. Tofauti ni kwamba huyu alikubali kuandika hata yale yasiyompendezesha, baba wa kukodiwa, jeshi lililoshindwa, miaka ya kutumikia wakubwa wa bendera mbili, akawaachia watoto wasome. Upendo wa mzazi kwa familia hupimwa kwa mengi. Kuwaambia wanao ukweli juu ya walikotoka ni mojawapo, na ni gumu kuliko kulipa ada.

Wazee wa Bama karibu wote wamekwisha kuondoka. Zamu ya kuandikwa sasa ni ya waliopigana Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala ilipoanguka, Aprili 11, 1979, leo amevuka 65. Yupo mtaani kwako, analinda duka, analima, anasalisha, anacheza bao. Walikuwemo wanajeshi wa kazi na wanamgambo waliochukuliwa mashambani, na walikuwepo wanawake waliowasubiri. Wengi hawajaulizwa na mtu yeyote, hata na watoto wao. Simu uliyonayo mfukoni inarekodi sauti kwa saa nzima bila senti. Mwulize alitoka wapi, alibeba nini, alikula nini, alimwandikia nani barua, na alipofika nyumbani nani alimfungulia mlango. Mwombe aangalie kama cheti chake cha jeshi bado kipo sandukuni, ukipige picha pande zote mbili kabla mchwa hawajakiona. Usisubiri arobaini yake.